Samadi Inakamua Maziwa, Jamani!

Imewaka! Kijana wa zizini kafungua koki, kabonyeza kitufe, injini ikakohoa mara mbili, ikatulia kwenye mngurumo wake, na papo hapo mashine ya kukamulia ikaanza kuvuta. Petroli hakuna. Dizeli hakuna. LUKU haijaguswa! Ni kinyesi cha ng'ombe tu, kile kile tulichozoea kukisomba kwa toroli kwenda migombani.

Nieleze nilichokiona, maana bado nahema. Shamba liko miteremko ya Mlima Meru, ng'ombe wa maziwa kama 30, wote wa kufugwa ndani. Samadi inakorogwa na maji, ndoo kwa ndoo, inatelemkia kwenye kuba lililofukiwa ardhini, la aina ambayo kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikiieneza tangu miaka ya 1980. Humo, pasipo hewa, bakteria wanaila kwa wiki kadhaa na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Sawa, majiko ya bayogesi tunayajua. Utamu unaanzia bombani: gesi inadondosha maji yake, inapita kwenye pipa lililojaa vyuma vyenye kutu, inaingia kwenye mfuko wa turubai, halafu kwenye jenereta.

Hilo pipa msilipite. Gesi mbichi ina haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza; ni sumu kwa mtu, na ndani ya injini inatafuna vyuma na kuharibu oili. Kutu inaidaka salfa njiani. Ikichoka, inatolewa nje taratibu ipigwe na hewa (taratibu kweli, maana hupata moto) kisha inarudi kazini. Kutu, adui wa kila fundi, leo ndiyo inayolinda injini!

Lakini kilichonimaliza ni mfuko. Ukijaa unavimba kama tumbo la mbuzi aliyevamia shamba la mahindi. Fikiria: ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, maziwa yapozwe saa hizo hizo, na hapo ndipo sola, ninayoipenda sana, inahitaji betri za bei mbaya. Hapa gesi inajikusanya usiku kucha, inakungoja. Betri yako ni turubai!

Hesabu? Ng'ombe mkubwa wa kisasa wa ndani anatoa samadi ya kutosha takriban mita 1 ya ujazo ya gesi kwa siku, na jenereta ndogo inaigeuza kuwa uniti 1.5 hivi. Kwa ng'ombe 30 unapata uniti 45, yaani jenereta ya kilowati 8 kwa zaidi ya saa 5. Wanakamua, wanapoza tangi, wanakata majani, taa zinawaka. Robo tu ya nishati ya gesi ndiyo inayogeuka umeme, nyingine karibu yote ni joto, na hawa wajanja wamepitisha bomba la maji kwenye injini: madebe ya maziwa yanaoshwa kwa maji ya moto ya bure. Tope linalotoka kubani bado ni mbolea, naitrojeni yake imo. Migomba haijadhulumiwa!

Kelele ipo, tena nyingi. Oili inabadilishwa mapema kuliko ukitumia petroli, na mvuta sigara asisogee kabisa. Na wewe mwenye ng'ombe 2, jenereta achana nayo. Gesi yako pikia, itakufaa zaidi.

Ninachotaka kukiona sasa ni kiangazi, kwa sababu mtambo una kiu. Hapa wameanza kuelekeza mkojo na maji ya kuoshea sakafu kwenye mfereji mmoja hadi kubani. Nilipouliza kama yatatosha, mwenye shamba hakujibu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya zizi kunionyesha mahali pa kuba la pili.