Wazimu wa Yyrkoon: Maradhi ya Mtu au Urithi wa Dola?

Ni rahisi kumsoma Mwanamfalme Yyrkoon, katika riwaya ya Mwingereza Michael Moorcock, Elric of Melniboné (1972), kama mchawi hodari aliyepagawa kwa tamaa ya kiti cha enzi. Usomaji huo, kwa maoni yetu, unaiachilia dola bila hukumu. Melniboné iliutawala ulimwengu kwa uchawi na ukatili kwa miaka 10,000. Yyrkoon anapotaka binamuye Elric afe maji ili atawale yeye, havunji mila bali anaitimiza. Anayeikiuka ni Elric, mtawala mpenda vitabu anayesumbuliwa na dhamiri. Neno wazimu lina nasaba na mzimu, na nasaba hiyo yatufaa hapa: Yyrkoon amepandwa na wahenga wake.

Kosa la Elric linafanana na la msomaji. Anamsamehe mtu, kisha anamkabidhi kiti kilekile akikalie kwa niaba yake. Katika hadithi iliyotangulia kuchapishwa, The Dreaming City (1961), mkasa huu unaishia kwenye kifo cha Cymoril na maangamizi ya Imrryr. Huruma isiyokigusa kiti cha enzi haiponyi wazimu, huuahirisha tu.