Hongera Watunza Nasaba wa Ruaha

Sehemu ya maji yanayopita chini ya daraja la Ruaha Mbuyuni imetoka bonde la Usangu. Huko, karne ya 19, walihamia Wabulushi wenye asili ya Makran, ng'ambo ya bahari, waliopitia Maskati na Unguja. Baadhi walikuwa askari wa masultani wa Unguja. Wengi walioa wenyeji. Hata hivyo, jina la babu limesalia kwa sababu wazee wao huhesabu nasaba, wakikunja kidole kwa kila kizazi: fulani bin fulani, hadi aliyevuka bahari. Profesa Abdulaziz Lodhi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ameandika habari za Wabulushi wa Afrika Mashariki, na tunamshukuru. Lakini deni letu kubwa ni kwa hao wazee, na zaidi kwa mabibi wanaojua upande wa kike, unaosahaulika upesi. Hongereni sana! Vijana, kaeni nao, na daftari mkononi.