Imigongo: Mstari Unaoshikika kwa Kidole

Mswahili akisikia neno imigongo hahitaji mkalimani. Umugongo wa Kinyarwanda ndio mgongo wetu, na wingi wake ni migongo ile ile. Jina hilo linaeleza ufundi wenyewe: hapa mchoro husimama kwanza, rangi hufuata baadaye.

Sisi wa Mibirizi tuko magharibi kabisa mwa Rwanda, kwenye vilima vya kahawa. Imigongo inatoka upande wa pili wa nchi, Gisaka ya zamani, iliko leo Wilaya ya Kirehe. Masimulizi ya huko humtaja Kakira, mwana wa mtawala Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kupamba hivyo kuta za ndani za nyumba yake. Walioutunza ufundi huo ni wanawake, mama akimrithisha binti. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, wanawake wa Nyakarambi, huko huko Kirehe, wajane wakiwemo, walijiunga katika ushirika na kuendelea kuufanya juu ya mbao zinazobebeka na kuuzika.

Ubao mmoja wa aina hiyo uko mezani pangu. Kazi huanza kwa mistari ya mkaa. Kisha huchukuliwa kinyesi kibichi cha ng'ombe, cha ndama kikipatikana kwa kuwa ni laini zaidi, kikakandwa pamoja na majivu yanayokata harufu. Ugumu wote uko hapa. Fundi hubandika mchanganyiko juu ya mstari kidogo kidogo, akiubana kwa vidole mpaka tuta lisimame, na kimo chake kisibadilike toka pembe hadi pembe. Nikiulaza ubao kwenye mwanga wa dirisha, naona mahali ambapo tuta limeshuka kidogo, kisha likapanda tena. Bila shaka mkono ulisita pale. Ubao ukishakauka kwa siku kadhaa husuguliwa kwa msasa, ndipo upakwe rangi: nyeupe ya udongo mweupe, nyekundu ya udongo mwekundu, na nyeusi iliyopikwa kwa majivu, utomvu wa mshubiri na tunda la jamii ya ndulele.

Ng'ombe amewahi kumpa jina mwanamke mwingine wa brashi. Mfaransa Rosa Bonheur alichora maksai wakivuta plau mwaka 1849, na tangu 1860 aliishi By, kando ya msitu wa Fontainebleau uliowavuta wachoraji wengi kutoka Paris. Lakini yeye alitumia rangi ya mafuta, ambayo hukauka taratibu. Aliyekosea hufuta, akarudia. Mwanamke wa Nyakarambi lazima aamue tuta likiwa bado bichi. Likishakauka, msasa hulainisha tu, haunyooshi mstari uliopinda. Ndiyo maana mimi humheshimu fundi wa imigongo kwa vidole vyake kuliko kwa rangi zake.

Siku hizi rangi za dukani zimeingia, na sioni ubaya. Ubaya ni michoro hiyo hiyo inayochapwa bapa kwenye vitambaa na vikombe, ikauzwa kwa jina la imigongo. Msomaji, ukienda kununua, funga macho upitishe kidole. Kisipokutana na tuta, usilipe.