Ajali ya Lori Malaba: Karatasi Inayomsahau Dereva

Lori likipinduka kati ya Amagoro na Malaba, simu ya kwanza ya dereva humwendea mwenye gari, na swali la kwanza analoulizwa huwa la mzigo. Sili iko salama? Kontena limepasuka? Jua likizama, gari la kuvuta limeshafika, wakala wa forodha ameshapata habari na kampuni ya bima imeshatumiwa picha za kichwa cha lori. Dereva mwenyewe amefungwa bendeji katika hospitali ya Kocholia, au katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, akapanda matatu kurudi kwao. Miezi kadhaa baadaye bega linakataa kunyanyuka. Anatoa mfukoni abstrakti ya polisi akiamini kwamba ndiyo itakayomlipia. Haitamlipia.

Abstrakti inathibitisha kwamba ajali ilitokea. Inamfaa sana mwenye gari na mtu wa nje aliyegongwa. Lakini bima ya lazima ya magari, chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, hailazimiki kumkinga mfanyakazi wa mwenye gari aliyeumia akiwa kazini. Mlango wake ni mwingine: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo madereva wengi huijua kwa jina la WIBA. Humo mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Anachopaswa kuonyesha ni mambo mawili, kwamba alikuwa kazini, na kwamba jeraha alilonalo limetokana na ajali ile. Madai mengi hulegea kwenye hilo la pili, na hulegea siku ya kwanza kabisa.

Tuanze barabarani. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, na ajali iripotiwe polisi ndani ya saa 24. Kituoni, usiondoke na nambari ya OB (kitabu cha matukio) pekee. Omba maelezo yasomwe, uhakikishe jina lako na la utingo yameandikwa kama majeruhi, hata kama wakati huo ni shingo tu inayouma. Na kama ni tangi la mafuta, kabla ya yote hayo ondoka hapo na uwafukuze watu kwa sauti yako yote. Malanga, kwenye barabara ya Kisumu kuja Busia, Julai 2021, watu wasiopungua 13 waliteketea wakichota petroli.

Hospitalini ndipo pa kukaza. Daktari mwenye wagonjwa wengi ataandika "maumivu ya bega" na kuendelea. Mwambie waziwazi: nimeumia nikiendesha lori la mwajiri wangu, mahali fulani, saa fulani. Sentensi hiyo ikiwa kwenye faili ya siku ile, ni vigumu kwa mtu yeyote kudai baadaye kwamba uliumia ukicheza mpira kijijini. Maumivu ya mgongo yakija baada ya wiki, rudi hospitali ile ile, yaandikwe kama mwendelezo wa faili ile ile. Na usikubali kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na gharama za kutibu jeraha la kazini ni za mwajiri.

Kisha mwajiri. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, ila mimi nashauri ujumbe wa simu, kwa kuwa una tarehe na saa. Tangu apate habari ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza anaijaza yeye, ya pili daktari. Hii ndiyo karatasi inayosahaulika, na hakuna nyingine inayoziba pengo lake. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha, na likishawasilishwa lilipwe ndani ya siku 90.

Hesabu ya fidia yenyewe inaonyesha kwa nini inafaa kuhangaika. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa mshahara wa miezi 96. Anayelipwa shilingi 25,000 na kukadiriwa ulemavu wa asilimia 30 anastahili shilingi 720,000. Marupurupu ya kudumu huingia katika hesabu; pesa za kurudisha gharama za safari haziingii.

Je, ajali ikitokea ng'ambo, tuseme Tororo? Madereva wengi wa Busia hudhani haki zao huishia mpakani. Si hivyo. Mwajiri ambaye shughuli zake ziko hasa Kenya, na mfanyakazi ambaye kwa kawaida ameajiriwa Kenya, hubanwa na sheria ile ile kana kwamba ajali imetokea huku. Rudi na ripoti ya polisi wa Uganda, fomu yao ya PF3 na karatasi za hospitali. Kadi ya Manjano ya COMESA husaidia matibabu ya waliokuwa ndani ya gari, lakini haichukui nafasi ya fidia.

Ninayemhofia zaidi ni utingo. Hana barua ya kazi, na mara nyingi analipwa kupitia mkono wa dereva. Ujumbe wa M-Pesa, picha akiwa kwenye lori na hati yoyote ya kupakia yenye jina lake ndizo zitakazomsemea. Dereva mwema humtunzia.

Mwajiri akitaka kukata mshahara kulipia lori, Sheria ya Ajira inamruhusu tu pale hasara ilipotokana na kosa la makusudi. Na kuhusu fidia, usimkimbilie wakili ukafungue kesi dhidi ya mwajiri kwanza. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai ya WIBA yaanzie kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kupinga. Gari jingine likiwa ndilo lenye makosa, mwenye gari hilo unaweza kumshtaki kando.

Dereva unayesubiri foleni ya Malaba leo, mpigie mwajiri kabla hujavuka. Muulize jina la kampuni iliyomkatia bima ya WIBA na nambari ya hati yake, kisha mtumie utingo wako nakala.