Vitabu Viwili na Seva Iliyofungwa

Ukiuliza jamaa wa IT akupendekezee kitabu cha kujifunza kuprogramu bila kutumia pesa, kuna uwezekano mkubwa akutumie Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart. Kilitoka 2015, na mwandishi amekiweka mtandaoni kisomwe bure. Ukiuliza mtu wa siasa kuhusu Kenya na mtandao, atakutajia Digital Democracy, Analogue Politics cha Nanjala Nyabola, cha 2018. Sijakutana na wengi waliosoma vyote viwili, na naona hiyo ni hasara kwa kila upande.

Sweigart anafundisha kama fundi aliyekusimamisha kando ya meza yake. Hakutishi na hesabu. Anaanza na kisa cha duka la vifaa vya elektroniki, ambako wafanyakazi watatu walikuwa wakilinganisha maelfu ya bei kwa mkono, kazi ya siku kadhaa, hadi mtu akaandika programu fupi ya kuifanya. Kisa kitamu. Lakini msomaji wa Nairobi anabaki na swali: hao watatu hawakuandikiwa barua ya kuachishwa kazi kweli? Kitabu hakikai hapo. Kwake kompyuta ni punda: ipakie mzigo, iende.

Halafu kuna sura ya kuifanya kompyuta itume barua pepe kwa niaba yako. Zoezi lake ni la kukumbusha wanachama wa klabu walipe ada. Isome sura hiyo ukimkumbuka Rose Njeri. Mwaka 2025 alitengeneza tovuti iliyomwezesha Mkenya kutuma barua pepe Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, kwa kubofya tu. Mwishoni mwa Mei akakamatwa, akalala seli siku kadhaa, akashtakiwa chini ya sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta. Mwezi uliofuata, mahakama ya Milimani ikaamua kwamba mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Kiufundi, kazi yake haiko mbali na zoezi la ada za klabu. Tofauti ni nani anayepokea hizo barua. (Nitasema msimbo, si kodi, maana kodi ndiyo iliyoleta balaa lote.)

Hapo ndipo unamhitaji Nyabola. Yeye haanzi na mashine, anaanza na watu: uchaguzi wa 2007 na vurugu zilizofuata, wanawake waliopata sauti mtandaoni na matusi waliyolipwa, Cambridge Analytica, na uchaguzi wa 2017. Bado tunakumbuka ile kelele ya "fungua seva". Mahakama ya Juu iliagiza seva za IEBC zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa. Hoja ya Nyabola inauma kwa sababu ni rahisi: ukiweka mitambo mipya juu ya siasa zilezile, kinachobadilika ni mahali pa kufichia.

Lakini hata kwake seva inabaki boksi. Ukimaliza kitabu unajua nani ananufaika ikiwa imefungwa. Hujui ndani kuna nini, rekodi za nani-aliingia-saa-ngapi zinawekwa vipi, wala mtu anaweza kuzichezea namna gani. Tulipiga kelele seva ifunguliwe, na wengi wetu ingefunguliwa tusingejua tuangalie wapi. Hilo ni pengo ambalo Sweigart, bila kujua, anaanza kuliziba: baada ya sura chache tu, mashine inaacha kuwa uchawi.

Vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza. Cha Nyabola kina harufu ya chuo, na mamake yule kijana aliyekamatwa hatakisoma. Nadhani Nyabola mwenyewe aliliona hilo, kwa sababu baadaye aliongoza mradi wa kutafuta maneno ya Kiswahili ya haki za kidijitali. Naheshimu hiyo kazi kuliko hata kitabu.

Kwa sasa, ushauri wangu: anza na Sweigart, ufike sura ya barua pepe. Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, msome Nyabola. Na hicho kitabu cha tatu, kinachofundisha msimbo na sheria kwa Kiswahili cha mtaa, mwenye laptopu na subira aanze kukiandika.