Darasa Lililo Darini

Nilipokwenda London kumtembelea binti yangu, alinipeleka mtaa wa Southwark kwenye makumbusho madogo ya upasuaji, yaliyo chini ya paa la kanisa la zamani la Mtakatifu Thomas. Hupandwa kwa ngazi nyembamba ya mzunguko, vidato 52. Kwa magoti ya mzee wa miaka sabini na kitu, huo peke yake ni mtihani.

Chumba hicho cha upasuaji kilianza kazi mwaka 1822, kwa ajili ya wodi ya wanawake. Hospitali ilipohama mwaka 1862 kikazibwa na kusahauliwa, mpaka Raymond Russell alipopenya darini mwaka 1956 akakikuta. Waliokitunza wanastahili sifa. Meza ya mbao iko katikati, na chini yake sanduku la unga wa mbao la kukingia damu. Mwelekezaji wetu alivieleza visu na misumeno kwa ufundi mkubwa: mguu ulikatwa kwa dakika chache tu, maana nusukaputi haikutumika katika upasuaji mkubwa London hadi Desemba 1846. Baadhi ya wageni walicheka kwa woga.

Mimi nilikuwa natazama majukwaa. Yanaizunguka meza, daraja juu ya daraja, na humo wanafunzi wa udaktari walisimama wakisukumana ili waone. Kumbe ni darasa! Na ubao wenyewe ulikuwa mwanamke maskini. Tajiri alipasuliwa nyumbani kwake, bila watazamaji. Maskini alilipa kwa kutazamwa. Ukutani pameandikwa kwa Kilatini kwamba kazi ilifanywa kwa huruma, si kwa malipo. Mwelekezaji alitusomea maneno hayo akaendelea na misumeno yake. Hapo ndipo nilipotofautiana naye. Kila chombo kilipata maelezo, mwanamke hakupata.

Msomaji asidhani nasema haya kwa kujiona mwema. Mwaka 1983, nikiwa mkufunzi kijana, chuo chetu cha ualimu kilikuwa na shule ya mazoezi. Siku moja nilimsimamisha mtoto wa darasa la pili mbele ya wanachuo arobaini, niwaonyeshe jinsi ya kumsaidia asiyejua kusoma. Akashindwa herufi ya kwanza, akashindwa ya pili. Wanachuo wakaandika. Somo lilifana sana, hata nikapongezwa. Mtoto alikuwa amejikojolea. Jina lake sikuliuliza kabla ya somo, wala baadaye.

Wageni walipoondoka nilimwomba binti yangu anisubiri kidogo. Nikapanda hadi daraja la juu, nikashika kizuizi cha mbao. Meza inaonekana yote kutoka pale. Daktari na wasaidizi wake wakishaizunguka, mguu ungeuona vizuri, na msumeno pia. Uso usingeuona.

"Baba, wanafunga," akaniita.