Baharia wa Sur na Lugha ya Lewa

Anayetafuta uhusiano wa muziki wa Afrika na ule wa Karibi huenda moja kwa moja Havana na Kinshasa. Njia hiyo imekwisha kukanyagwa: kuanzia 1933 kampuni ya HMV iliuza santuri za mfululizo wa GV, zenye nyimbo za Kuba, na Wakongo wakatambua humo mapigo yaliyokuwa yao. Salim Rashid Suri hatajwi katika simulizi hilo, ingawa maisha yake yanafanana nalo kwa upande wa mashariki.

Alizaliwa Sur mwaka 1910 hivi. Utotoni aliimba midan, jamaa zake wakachukia. Akaingia baharini, akafika Afrika Mashariki na India, akajifunza udi, akarekodi Bombay, mji uleule ambako Siti binti Saad alirekodi mwaka 1928. Baadaye alikaa Bahrain, kisha akarejea Oman na kufariki mwaka 1979. Wahakiki humweka katika sawt, fani ya Bahrain na Kuwait, na kuishia hapo. Uainishaji huo ni mwepesi mno. Unaipa sawt Uarabu wote na kuiachia lewa Uafrika wote, kana kwamba sikio la baharia lilikuwa na vyumba viwili.

Lewa yenyewe, kwa zumari yake, ngoma zake na wachezaji wanaozunguka duara, hubeba maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya waimbaji wake hawayaelewi tena. Kuba nako watu huimbia miungu kwa Kiyoruba wasichokizungumza. Mfanano huu unavutia, lakini una kasoro moja kubwa: Wakuba walitenganishwa na wasemaji wa Kiyoruba kwa bahari nzima. Oman imejaa Waswahili. Waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, wengi wakiwa na asili ya Ibra na Sharqiyah, huzungumza Kiswahili majumbani hadi leo. Hao wana taarab yao. Lewa wameiona ni ngoma ya wana wa watumwa. Ukimya kati ya pande hizi mbili umetokana na daraja za watu, na hasira ya jamaa za Suri dhidi ya midan huenda ilikuwa na chembe ya jambo hilohilo.

Beti za lewa zingali zikiimbwa harusini Sur. Wa kuzifasiri wako Maskati, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari.